Pemba ya Nkambo na Safari ya Kapita

Mkwe wangu akileta kutoka sokoni samaki wakavu wa Kasenga, mimi hutoka jikoni nikakae uani. Wajukuu wananicheka, wanadhani sipendi harufu ile. Ninaipenda sana. Ila kila ikinijia puani, nasikia paka analia ndani ya kitunga, na mimi nina miaka tisa.

Wakati ule Lubumbashi ikiitwa bado Elisabethville, tulikaa katika kambi ya wafanyakazi, kwenye nyumba ya matofali yenye vyumba viwili. Asubuhi king'ora cha kiwandani kilipolia, paka wetu alikijibu. Alilia akitaka chakula, akishashiba akalia tena. Alilia mvua ikinyesha, na ilipokatika alilia vilevile. Mama wa baba yangu, ambaye sisi watu wa Mitwaba tunamwita Nkambo, alimpa jina la Kapita, kama msimamizi wa wafanyakazi, kwa sababu alipiga kelele kutwa nzima na hakuna aliyewahi kumwona akifanya kazi.

Paka alikuwa wake. Macho ya Nkambo yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mwanga na vivuli tu. Alipotoka bombani na ndoo, nyumba zote zikiwa za namna moja, alisimama njiani akasikiliza. Kapita alilia mlangoni, naye akafuata sauti. Mimi niliona ni mchezo wao wawili. Mimi naye tulikuwa na mchezo wetu: aliniita bwana yangu, kama bibi zetu wanavyowaita wajukuu wa kiume, na bukari, ugali wetu, ikiungua alinilaumu kwamba nimeoa mke asiyeona sufuria.

Baba alikuwa msaidizi wa daktari hospitalini. Daktari huyo, Mzungu, alihamishwa kwenda Usumbura, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, akataka baba amfuate upesi, kwa ndege. Kambi nzima ilikuja kutupongeza. Lakini nafasi zilikuwa tatu tu: baba, mama na mimi. Nyumba ilipaswa kurudishwa, na baada yetu Nkambo angepanda lori kwenda Mitwaba kwa shangazi yangu, yeye na Kapita wake.

Niliogopa. Nilisikia kwamba huko watoto hawasemi lugha yetu. Nilitaka kitu kimoja cha nyumbani ambacho kingelia nikakijua. Basi asubuhi ya safari, Nkambo akiwa amekwenda kuoga, nilimkamata Kapita nikamtia katika kitunga cha mama chenye kifuniko, juu ya samaki wakavu, nikakifunga kwa kamba. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Kapita alinyamaza. Alikuwa anakula.

Nkambo alirudi, akasimama katikati ya ua, kichwa kimeinama upande.

"Kapita iko wapi? Leo siyamusikia."

Nilijua samaki wangekwisha na paka angelia, na masikio yake yalikuwa makali. Nilitaka aende mbali.

"Nilimuona anaenda kule ku reli, Nkambo."

"Ku reli? Ile mupumbafu, treni itamukanyaga." Akashika fimbo yake. Kisha akagusa pembe ya kitenge chake, alipokuwa amefunga fundo dogo. Ndani ya fundo mlikuwa na pemba, udongo mweupe. Kwetu mtu haanzi safari kubwa kabla mkubwa wake hajampaka pemba kwenye paji la uso na kumtakia njia nyeupe. "Nitarudi sasa hivi, bwana yangu. Lori ikikuya, ubaambie bangoje. Bado kubapaka."

Nikamwambia nitawaambia. Nilimtazama akishika njia, akiita, "Kapita, Kapita," fimbo ikigonga mawe. Reli ilikuwa mwendo mrefu hata kwa mtu anayeona.

Lori la kutupeleka kwenye ndege lilifika kabla ya saa tuliyoambiwa. Baba aliuliza mama yake yuko wapi, nikasema sijui. Alikwenda hadi mwisho wa safu ya nyumba akaita, akarudi, akaenda tena. Dereva alipiga honi.

"Ndege haingojaka muntu, baba," alisema.

Mama alisema tusiondoke bila pemba. Baba alimwagiza jirani amtafute mama yake, halafu akapakia mizigo. Ningeweza kusema hapo. Neno moja tu, na lori lingepitia njia ya reli. Nilikumbatia kitunga nikatazama miguu yangu.

Kule Luano, kwenye uwanja wa ndege, ngurumo za injini zilifunika kila sauti. Tulikaa viti vya nyuma. Ndege iliponyanyuka na masikio yetu yakaziba, Kapita alilia. Alilia kama mtu anayeita jina. Wazungu waligeuka, wengine walikasirika, mmoja akacheka mpaka akafuta machozi. Baba alichukua kitunga magotini mwangu, akainua kifuniko kidogo, akakirudisha.

"Mama yangu alienda kutafuta hii, na wewe ulijua?"

Hakunipiga. Aligeukia dirishani, na kule chini ardhi nyekundu ilikuwa tayari imekuwa ndogo, watu hawaonekani tena. Kapita alilia mpaka tulipotua.

Huko Usumbura baba aliniamuru nimwandikie Nkambo barua mwenyewe, niseme ukweli. Mwalimu wa dini wa Mitwaba angemsomea. Niliandika kwamba Kapita aliingia kitungani peke yake, na kwamba niliyemwona kwenye reli alikuwa paka mwingine. Baba aliniamini akaitia posta bila kuisoma. Jibu lilikuwa fupi: Nkambo anafurahi Kapita hakukanyagwa na treni, na anasema: mwambieni bwana yangu pemba yake ninaiweka.

Hatukupata ruhusa ya kurudi mapema. Nkambo alifariki kabla hatujaipata. Kapita naye alikufa huko ugenini, na kelele zake hakuzipunguza hata siku moja.

Nilifika Mitwaba nikiwa kijana niliyemaliza sekondari. Shangazi alinieleza kwamba siku ile watu wa reli walimrudisha Nkambo kambini jioni kwa kumshika mkono, maana alipotea, hakuna sauti ya kumwonyesha mlango. Walipomuuliza nani alimwambia aende huko, alisema hakuna, ni wazo lake mwenyewe, na kwamba tulimngoja sana ila miguu yake ilichelewa. Hivyo ndivyo alivyowaambia wote, hadi kufa kwake. Shangazi aliamini hivyo. Nami, mtu mzima, nilikaa mbele yake nikamwacha aendelee kuamini.

Shangazi alinipa kipande cha kitenge, kimekatwa pembeni, fundo likiwa bado limefungwa.

Leo macho yangu nayo yana ukungu. Nikitoka mwenyewe nasimama njiani nisikilize redio ya jirani ndipo nijue mlango wetu. Wajukuu wanaposafiri nawapaka pemba ya sokoni, wote, hata wanaokwenda Likasi kwa siku mbili, na nawasubirisha wanaolalamika. Ile ya kwenye fundo sijaifungua. Ni yangu, na wa kunipaka alikwenda kumtafuta paka kule nilikomwelekeza.