Waziri Aliyefika Doha Kabla ya Namatoi

Nilikwenda Doha kwa sababu ya mzunguko wa magari. Mji wetu una mzunguko mmoja tu, na siku ya soko magari hukwama pale mpaka madereva wanashuka, wananunua mahindi ya kuchoma, wanarudi na kuyakuta magari yao palepale. Gavana alichoka kusikia habari hiyo redioni. "Waziri," akaniambia, "wale wa Doha walikuwa na mizunguko kila upande na wameipanga vizuri. Nenda ukaone. Ukirudi nataka ripoti."

Waziri wa kaunti wa barabara na uchukuzi ni mtu anayelaumiwa kwa kila shimo, hata lililochimbwa na mvua. Kabla ya kuteuliwa nilikuwa mwandishi wa habari wa redio kwa miaka kumi na minne, tena miongoni mwa waliolaumu zaidi. Niliwahi kwenda hewani nikipima kina cha shimo kwa rula ya shule. Serikali haikunijibu, iliniteua. Tangu siku hiyo sijapima shimo lolote.

Tuliondoka watu wawili: mimi na mhandisi wa kaunti, Bi. Chepkoech, mwanamke anayesema machache na kuandika yote. Mkobani nilikuwa na picha na ramani za Barabara ya Namatoi, kilomita kumi na mbili za lami ambazo tulikuwa karibu kuanza kuzijenga. Nilizibeba kama mzazi anavyobeba picha za mtoto, ili wenyeji wetu wasidhani tumetoka mahali pasipo na mipango.

Doha, Jumanne, saa nne asubuhi. Mlango wa uwanja wa ndege ulipofunguka, joto lilinipiga usoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi vizuri alikuwa ameshika kibao chenye jina langu, na mbele ya jina pameandikwa "Mheshimiwa". Nilifurahi kupita kiasi. Aliitwa Wafula, dereva wa kampuni iliyokodishwa kutubeba, na alikuwa mtu wa kaunti yetu kabisa.

"Kwetu ni Namatoi," akasema huku akipakia mabegi.

"Namatoi!" Nilimpiga bega. "Basi umenikuta na barabara yako mkobani."

Njiani nilimhutubia. Nilimweleza jinsi lami itakavyoibadilisha Namatoi, jinsi maziwa yatakavyofika mjini kabla hayajaganda. Wafula alikuwa akiangalia barabara, mikono miwili kwenye usukani, mwendo uleule, kwa sababu huko kamera haziulizi wewe ni nani. Tulipofika kwenye taa nyekundu aliuliza, bila kugeuka:

"Mheshimiwa, ile alama ya X nyekundu mnayopiga kwenye nyumba za watu ili zibomolewe, ikishapigwa huwa inaweza kuondolewa?"

Mwandishi wa habari angeuliza: nyumba ya nani? Mimi sikuwa mwandishi tena. Nilijiweka sawa kwenye kiti cha nyuma na kusema, "Ndugu yangu, barabara ni ya wote. Sheria ni msumeno."

"Sawa, Mheshimiwa," akasema. Taa ikawa kijani.

Hotelini nilibaki nimekaa garini. Wafula naye alibaki amekaa. Ilipita kama dakika nzima kabla ya Bi. Chepkoech kuinama dirishani. "Anangoja ushuke," akasema. "Na wewe unangoja afungue mlango." Nikafungua mwenyewe. Mlango haukuwa mzito.

Jumatano, saa mbili asubuhi. Mwenyeji wetu, mhandisi Mkatari aliyevaa kanzu nyeupe isiyo na kunyanzi hata moja, alitupeleka kwanza kaskazini, upande wa Umm Salal, kuona mzunguko unaobadilishwa kuwa njia panda yenye taa. Kabla ya mtu kugusa lami, palikuwa na mabango ya kuonyesha magari yapite wapi, vizuizi vya rangi ya chungwa, na vijana wa kupunga bendera waliosimama kwenye kivuli cha turubai. Alituonyesha pia nyumba tatu na duka moja kando ya barabara. Kila mlango, alisema, alikuwa ameugonga yeye mwenyewe.

"Kwa nini wewe?" nikauliza. "Huna wasaidizi?"

"Ninao. Lakini wakija kulalamika, watanilalamikia mimi. Ni afadhali wanijue mapema."

Niliandika hilo kwenye daftari na kulipigia mstari, nikiamini ni la kuwasomea watu wengine.

Ofisini kwake, baada ya kahawa na tende, nilitandaza ramani ya Namatoi mezani. Aliitazama kwa adabu, kisha akaweka kidole mahali fulani. Barabara ilikuwa imekuja moja kwa moja kutoka mjini, na kufika karibu na soko la ng'ombe ilipinda ghafla kuelekea kulia, kisha ikarudi kwenye mstari wake.

"Hapa kuna mlima?"

"Hapana," nikasema.

"Mto? Makaburi?"

Nilimgeukia Bi. Chepkoech. Bi. Chepkoech alinitazama mimi. Nikasema kwamba ni matokeo ya maoni ya wananchi, sentensi ambayo kwetu hufunga mjadala. Mkatari aliitikia kwa kichwa, lakini kidole chake hakikuondoka kwenye kona ile.

Ukweli nilioujua, nikaumeza pamoja na tende, ni huu. Kikao cha maoni tulikifanya kwenye ukumbi wa hoteli mjini. Alikuja mtu mmoja mwenye suti, mpole sana, anayetaka kujenga kituo cha mafuta karibu na soko la ng'ombe. Aliomba mstari wa barabara usogezwe kidogo upande wa pili. Niliuliza ukumbini kama kuna pingamizi. Hakuna aliyeinua mkono. Tukanywa chai, nikatia saini.

Ijumaa, saa sita na nusu mchana. Ni siku ya mapumziko, na Wafula alitualika kula nyumbani kwake Al Wukair, kusini mwa jiji, mahali ambapo majengo mapya yanaota kutoka kwenye mchanga kama meno ya mtoto. Anakaa nyumba moja na wenzake wanne. Waliotoka msikitini na waliotoka kanisani, maana huko hata ibada ya kanisa ni Ijumaa, walikutana mlangoni wakivua viatu. Sufuria ya ugali ilitosha ukoo mzima. Mpishi alikuwa Shabani, Mtanzania wa Tanga anayefanya kazi jikoni kwenye hoteli, na ambaye alinikaribisha kwa Kiswahili kilichonifanya nione haya ya cha kwangu.

"Karibu sana, Mheshimiwa. Jisikie upo nyumbani. Samaki huyu ni wa Al Wakrah, asubuhi hii hii alikuwa hajui kama utakuja."

Tulikuwa tumeanza kunawa mikono simu ya Wafula ilipolia. Alitaka kuizima. Shabani akaichukua, akaipokea, akamrudishia. "Mwonyeshe mkeo mgeni, bwana. Unaona aibu gani?"

Kwenye kioo alitokea mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani. Alikuwa Nasimiyu, mke wa Wafula.

"Huyo ndiye waziri? Mgeuze kidogo nimwone. Haya, kweli ndiye. Redioni ulikuwa unasikika mwembamba."

Chumba kizima kikacheka. Nilicheka pia. "Mama, hamjambo huko?"

"Hatujambo. Ila tuko na wewe ukutani."

Akageuza simu. Niliona nyumba ya matofali, paa jipya la mabati ya buluu, madirisha yenye vioo, na kwenye ukuta wa jikoni alama ya X nyekundu, ndefu kama mtu mzima. Chini yake paliandikwa herufi za wizara yangu. Rangi ilikuwa imechuruzika mpaka chini.

"Barua ilisema siku thelathini," Nasimiyu akaendelea. "Zimebaki kumi na moja."

Wafula alikuwa anatazama mikono yake. Nyumba hiyo, niliambiwa baadaye, ameijenga kwa miaka sita bila kuwapo. Kila tofali aliliona kwenye simu. Alirudi likizo mara moja tu, kuta zikiwa zimefika kwenye madirisha. Hajawahi kulala humo.

"Lakini mliitwa kwenye kikao cha maoni," nikasema. Sauti ilitoka kabla ya akili.

"Tuliitwa. Hotelini, mjini, siku ile ya mvua. Tulitoka watu ishirini na wawili kwa trekta. Trekta likazama pale bondeni, tukarudi kwa miguu tukiwa matope mpaka kiunoni. Kwani ulitungoja?"

"Hapana."

"Ukaandika nini?"

Niliandika kwamba wakazi wa Namatoi hawakuwa na pingamizi. Watu walishindwa kuja kwenye kikao cha barabara kwa sababu hawana barabara, nami nikakihesabu kimya chao kuwa ndiyo. Kwa miaka kumi na minne redioni nilikuwa nikiwinda kiongozi wa aina hiyo.

"Umefika mpaka Doha," Nasimiyu akasema, "na hapa kwetu hujafika."

Shabani alisogeza sinia. "Mheshimiwa, kula kwanza. Ugali huu ukipoa nao utapigwa X." Hapo walicheka, nami nikacheka kwa kuchelewa.

Baada ya chakula nilimvuta Wafula pembeni. "Siku nne zote unanibeba. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuuliza, Mheshimiwa. Kabla hata hatujafika hotelini. Ukaniambia sheria ni msumeno."

Jumamosi, safari ya kurudi. Njiani kwenda uwanja wa ndege Wafula alisimamisha gari mbele ya duka dogo la chai na kupiga honi. Mhudumu akatoka mbio na kuinama dirishani. Kwetu ukipiga honi mbele ya hoteli ya chai utaulizwa kama huna miguu; huko ndiyo desturi. Tulikunywa karak, chai ya maziwa yenye iliki, tamu mpaka meno yanalalamika.

"Mheshimiwa, sikuombi uiachie nyumba yangu," akasema. "Naomba ukapime wewe mwenyewe, Nasimiyu akiwa amesimama hapo. Usitume mtu. Tepu ikisema nyumba iko barabarani, nitaivunja."

"Kweli utaivunja?"

Alimaliza karak yake. "Nitamwambia Nasimiyu. Akikubali, nitaivunja."

Namatoi, Jumatano iliyofuata. Ni kilomita kumi na mbili kutoka ofisini kwangu, na zilinichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu gari la wizara lilizama bondeni, palepale lilipozama trekta. Nilikuwa na viatu vya ofisini. Bi. Chepkoech alishuka akiwa amevaa gambuti.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilikuja mwaka jana. Niliandika kwenye ripoti yangu, ukurasa wa nne."

Sikuwahi kufika ukurasa wa nne.

Nasimiyu alitupokea bila maneno mengi. Alishika ncha moja ya tepu, mimi nikashika nyingine, Bi. Chepkoech akawa anasoma na kuandika. Vigingi vya saruji vya mstari wa zamani bado vilikuwapo, chini ya nyasi. Kwa mstari ule, nyumba ya Wafula ilikuwa salama kwa mita tisa. Kwa mstari niliotia saini, jiko na chumba cha kulala vilikuwa katikati ya lami. Na upande ule mstari ulikotolewa hapakuwa na kitu ila uwanja mtupu, mbuzi wawili, na bango la kituo cha mafuta kinachokuja.

Siku hiyohiyo, kwa mkono wangu, niliandika barua ya kusimamisha ubomoaji, na nyingine kwa kamati ya kaunti kueleza kwamba kikao changu hakikuwa kikao. Gavana alisoma zote mbili akiwa amesimama. "Nilikutuma mzunguko," akasema, "wewe umekwenda kunyoosha kona." Hakunifukuza, lakini hakunikaribisha kiti.

Kikao cha pili tulikifanya Namatoi, kwenye uwanja wa soko la ng'ombe, chini ya turubai, na mvua ikanyesha. Mtu wa kituo cha mafuta alipewa nafasi akasema yote aliyotaka. Akasikilizwa, akaulizwa maswali, akajibu alichoweza. Mikono ilipoinuliwa, mstari ulirudi kwenye vigingi vyake. Yeye sasa tukikutana mjini huwa ana haraka.

Ripoti ya ziara niliiandika. Kuhusu mizunguko nilijaza kurasa mbili, na kuhusu yale niliyojifunza niliandika mistari michache tu: kwamba kikao cha barabara kifanyike kwenye barabara hiyohiyo, kwamba waziri aende kwa miguu, hasa wakati wa mvua, na kwamba asiyefika kikaoni aulizwe kilichomzuia kabla hajahesabiwa kuwa amekubali. Haya ningeweza kujifunza bila pasipoti.

Ilibaki X. Nilisema nitamtuma fundi aje aifute. Nasimiyu alikataa. "Aliyepiga alitumwa. Anayefuta asitumwe." Akaleta brashi na kopo la rangi ya maziwa iliyobaki walipopaka jiko.

Nilianza saa saba mchana. Wafula alikuwa kwenye simu iliyosimamishwa dirishani, akitazama kutoka Doha, gari likiwa limeegeshwa. "Mheshimiwa, anzia juu. Usiache michirizi."

Nilipaka mara moja. Nasimiyu alirudi nyuma hatua tano, akakunja macho. "Bado inaonekana."

"Ikikauka itapotea."

"Nimeishi nayo, naijua. Rudia."

Nilirudia. X ikapotea, lakini sasa pale ilipokuwa paling'aa kuliko ukuta wote, na yeyote angejua kuna kitu kimefichwa. Sikungoja kuambiwa. Nilipaka ukuta mzima, kutoka mlango mpaka kona, tai ikiwa begani na viatu vimekwisha. Ilipotimia saa kumi na moja Wafula alikuwa amekwenda kubeba wageni wengine, na mikono yangu haikuinuka tena. Nasimiyu alirudi tena nyuma hatua tano, akautazama ukuta. Kisha akachukua brashi mkononi mwangu, akaniuliza kama nimekula.