Mlango wa Nyuma

Nilipomaliza shahada ya usanifu majengo, nilipewa kazi ya kuchora kijiji kipya cha ujamaa nje ya Shinyanga. Nilizipanga nyumba mistari miwili, milango ikitazamana, nikajiona bingwa. Mwaka uliofuata nilirudi kukagua. Mama mmoja alikuwa ameziba mlango wangu kwa matofali, akatoboa mwingine ukuta wa nyuma. Hata shikamoo sikumpa. Nilimfokea kwamba ameharibu nyumba.

"Mwanangu," alisema, akiendelea kupepeta mtama, "nyumba ile ya mbele anakaa mume wa binti yangu. Kila nikitoka nikutane uso kwa uso na mkwe?"

Mwezi huohuo niliomba shahada ya pili, saikolojia ya mazingira. Penye sababu niliandika: nimechora kijiji kizima bila kuuliza nani mkwe wa nani.