Pikapu ya Kuvuta Boti ya Shemeji

Mume wa dada yangu ni fundi boti, na sijaona mtu mwingine anayepima ubao mara nne kabla ya kuukata. Ukimkuta bandani kwake, nyuma ya duka la mbao, usitegemee salamu ya haraka. Atamaliza kwanza kupitisha kiganja kwenye ubavu wa boti, kwenda na kurudi, ndipo ageuke akuitikie. Dada hulalamika kwamba hata sahani mezani huichungulia kama imekaa sawa. Miaka kumi na tisa alijenga boti katika karakana ya tajiri mmoja, na sifa zote zikaenda kwa tajiri.

Ana tabia moja ambayo mimi naiona ya kizamani, naye anaiona ndiyo adabu: fundi mwenzake hamuulizi mara mbili. Akipeleka suruali kwa mshonaji, anasema anachotaka na kuondoka zake. "Ukimuuliza mtu kazi yake mara ya pili," huniambia, "umeshamwonyesha humwamini."

Mimi nauza magari yaliyotumika. Yadini wananiita Injinia. Uinjinia sijausoma hata siku moja. Jina nimelipata kwa mdomo wangu, na sikulikataa. Gari nikilipigia chapuo, mteja huona haya kuuliza maswali. Kusema kweli, zaidi ya kuwasha na kuendesha, ya chini ya boneti huwa nayasikia tu kwa mafundi.

Mwaka jana shemeji aliacha kazi kwa tajiri, akajenga boti yake mwenyewe ya kwanza. Iliagizwa na zahanati ya kisiwani, kwa ajili ya kuvusha wagonjwa. Ikifika ziwani na kupita majaribio mbele ya kamati yao, wangempa nyingine tatu. Ikishindikana, ingebidi arudi kwa tajiri kuomba kazi aliyoiacha.

Alikuja yadini Jumamosi asubuhi, shati limepigwa pasi. Mkononi alikuwa na kipande cha ubao alichoandika kwa penseli: uzito wa boti, wa injini yake, wa trela, na chini kabisa, "mteremko mkali kabla ya ziwa."

"Shemeji," alisema, "mbao niulize mimi. Magari ni yako. Nataka la kuvuta mzigo huu."

Niliutazama ule ubao nikikunja uso kitaalamu. Zile namba sikujua zinanitaka nifanye nini. Ningesema tu, "Subiri nimuulize fundi," na pasingeharibika kitu. Lakini wenzangu walikuwa wanasikiliza, na kichwa kilikuwa kimenivimba.

Pikapu zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya dizeli, nzito, ya zamani, bodi limejaa viraka. Nyingine ilikuwa ndogo, nyekundu, inang'aa mpaka unajiona uso. Nilimpeleka moja kwa moja kwenye nyekundu.

"Hii hapa," nilisema, nikaipiga boneti kofi. "Boti yako itavutwa kama unyoya."

"Itaweza?"

"Shemeji!"

Akainamisha kichwa, akaomba radhi kwa kuuliza. Aliniomba radhi mimi.

Alipoingia ofisini kusaini karatasi, fundi wa yadi alinivuta kando. Ni mwanamke wa makamo, tunamwita Mama Gia, na kubembeleza mtu hajui.

"Ule ubao wake nimeusoma," alisema. "Mzigo ni tani mbili kasoro kidogo. Hiki kigari chako hakifiki hata tani moja na nusu."

"Injini yake kali."

"Kuvuta itavuta. Nani kakwambia shida ni kuvuta? Shida ni kushuka. Trela halina breki, mzigo mzito kuliko gari, hapo mzigo ndio dereva. Mpe ile ya dizeli."

"Nimeshamwambia hii."

"Basi nenda kamwambie vingine!"

"Mama, usinivunjie heshima mbele ya shemeji yangu."

Alinitazama kutoka utosini hadi kwenye viatu, akafuta mikono, akarudi kwenye kazi yake.

Siku ya majaribio niliomba ruhusa kazini, nikavaa miwani ya jua. Sifichi: nilikwenda kusifiwa. Pikapu ilipanda kilima bila shida, nami, nimekaa kando ya shemeji, nikamwambia, "Si nilikwambia?" Tulipoanza kushuka nikahisi kitu kinatusukuma mgongoni. Shemeji akakanyaga breki. Gari lilipunguza mwendo, boti haikupunguza. Harufu ya breki kuungua ikajaa ndani, trela likajikunja kando, na kufumba na kufumbua tukawa tunatazama tulikotoka, boti imejibamiza kwenye ukuta wa ghala. Hatukuumia. Nilisikia mbao zikipasuka, nikaogopa kugeuka.

Wajumbe wanne wa kamati walikuwa chini pale na waliona kila kitu. Walipopanda, walimkuta shemeji ameweka mkono kwenye ubavu uliopasuka, anahesabu mataruma yaliyovunjika, zile mbao za ndani zinazoshika ubavu. Mwenyekiti wao, nesi mkuu wa zahanati, akamuuliza, "Fundi, nani alikuchagulia gari hili?"

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilifungua mdomo, ule ule unaouza magari, lisitoke hata neno.

"Mimi mwenyewe," shemeji alisema.

Nesi alitikisa kichwa. Boti hii wataichukua ikishatengenezwa, alisema, lakini zile tatu watafikiria upya. Fundi asiyejua boti yake inabebwa na nini anawatia wasiwasi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka, na mimi nikabaki nimetazama viatu vyangu.

Wiki mbili sikukanyaga kwa dada. Nilisingizia kazi. Mwishowe nikapiga moyo konde, nikaenda bandani. Shemeji alikuwa anapachika taruma jipya.

"Kwa nini siku ile hukunitaja?" nilimuuliza.

"Fundi yeyote hukosea," alisema, mikono haijasimama. "Mimi niliwahi kukata mkuku, uti wa mgongo wa boti, ukapungua shibiri nzima. Wewe ulisema ulichokijua. Hilo halikuwa la kukuaibisha mbele za watu."

Ningeweza kunyamaza tena. Lakini msamaha ule ulinichoma kuliko matusi, maana alikuwa ananisamehe kosa ambalo silo nililofanya.

"Nilijua," nilisema. "Mama Gia aliniambia boti itatusukuma. Nikamnyamazisha, kwa sababu nilikuwa nimeshasema."

"Lini?"

"Kabla hujasaini."

Akaweka nyundo chini. Hakufoka, ningemshukuru angefoka.

"Basi nimewadanganya wale watu," alisema taratibu, "kwa ajili ya mtu aliyekuwa anajua."

Alinawa mikono, akavaa shati, akaniambia nitangulie. Tulitembea hadi ofisi ya zahanati iliyo upande wetu wa ziwa, kando ya gati. Mbele ya nesi nilieleza yote: ubao, Mama Gia, boneti niliyoipiga kofi. Nesi alinisikiliza hadi mwisho.

"Ungesema siku ile pale mteremkoni," alisema, "au hata juzi. Jana tumesaini na karakana nyingine."

Aliitaja. Ilikuwa ya tajiri.

Shemeji alimshukuru kwa muda wake. Wiki iliyofuata alirudi kwa tajiri kuomba kazi, akapewa. Zile boti tatu anazijenga yeye, kwa mikono yake, kwa jina la mtu mwingine. Jumapili nikienda kwao ananivutia kiti, ananimiminia chai, anawauliza hali watoto wangu. Hajanisema hata mara moja, na mimi sijui macho yangu niyaweke wapi.