Swichi ya Evelio

Mtaani kwetu Remedios kila mwanamume ni fundi wa magari, na wengine wamekuwa mafundi tangu jana. Boneti ikifunguliwa tu, wanatokea vibarazani mmoja mmoja, mikono mfukoni, kila mtu na ugonjwa wake wa kulibandika gari. Mimi huwa nawacheka. Alhamisi ile sikucheka.

Gari lilikuwa la Evelio Zaldívar, jirani yangu wa ukuta mmoja kwa miaka thelathini na moja. Bodi ni ya Kimarekani ya mwaka hamsini na moja, injini ni ya lori la Kirusi, na pampu ya petroli aliiunda mwenyewe kwa vyuma vya cherehani ya mama mkwe wake. Tunaliita Mnene. Kwa Mnene huyo Evelio alibeba abiria wa kwenda mjini Santa Clara nusu ya maisha yake, mpaka figo za mkewe Nereida zilipokufa. Tangu hapo abiria wake ni mmoja tu.

Nereida alitakiwa awe hospitali ya Santa Clara saa nne asubuhi, kwenye mashine ya kusafisha damu. Ukichelewa sana mashine anapewa mwingine, wala si kwa ubaya, wagonjwa ni wengi. Jumanne alikosa zamu yake kwa sababu Mnene aligoma kutwa nzima, kisha jioni akawaka mwenyewe kama mtu aliyekuwa amenuna. Akikosa na Alhamisi, daktari alishasema, maji yatapanda mapafuni. Nilipompelekea kipande cha barafu cha kumung'unya, maana kunywa haruhusiwi, nilimkuta kibarazani na mfuko wake mapajani. Miguu ilikuwa imevimba hata viatu vya mumewe havikumwingia. Alipumua kwa kifua kizima.

"Limewaka?" nilimuuliza, na huku naona wazi halijawaka.

"Ngoja kidogo, Fela," akasema. "Ataliwasha."

Evelio alikuwa amelala kifudifudi juu ya injini, shati limemganda mgongoni. Ramón, tunayemwita Mongo, aliyestaafu kiwanda cha sukari, alikuwa ndiye daktari mkuu wa gari. Swali lake la kwanza lilikuwa lile ambalo kila mwenye gari hapa huulizwa.

"Ile swichi yako ya siri, umeifungua?"

Maana magari yetu yote yana swichi iliyofichwa, inayokata moto ili mwizi azungushe funguo mpaka achoke. Mwenye gari huificha anapojua yeye, hata ndugu yake wa damu hamwambii. Ukimuuliza mtu habari za swichi yake unauliza mara moja tu. Ukirudia, watu wanaanza kukuangalia kama mwizi.

"Niliing'oa zamani," Evelio akajibu bila kuinua kichwa. "Mnene sasa nani atamwiba? Mwizi atampeleka wapi, makumbusho?"

Watu wakacheka, na swali likafa hapo.

Wakaanza. Stata ilizunguka vizuri, betri ilikuwa na nguvu, ila injini haikukamata. Petroli ilifika kwenye kabureta. Mongo aliionja kwa ulimi, akatema, akasema ni nzuri kuliko kahawa ya dukani. Wakachomoa waya wa plagi, wakauweka karibu na chuma, Evelio akazungusha. Hakuna cheche. Wakachomoa wa pili. Hakuna cheche.

"Platini," akasema mmoja.

Wakazifungua hizo ncha mbili za kukata na kuunga umeme, wakazisugua kwa msasa wa kucha wa binti yangu, wakazirudisha. Hakuna.

"Koili imekufa hiyo," akasema Osmel wa nyumba ya kona. "Mnatibu mgonjwa ambaye hata mshipa hamjampima?"

"Basi kalete yako, bingwa," Mongo akamjibu.

Na kweli akaenda. Gari lake liko juu ya matofali mwaka wa pili sasa, halina gia boksi, lakini koili ilikuwa nzima, akaing'oa akaja nayo mbio akiwa na kandambili moja. Saa tatu kasorobo. Njia ya Santa Clara ilivyo na mashimo ni saa nzima. Wakaifunga koili ya Osmel. Evelio akaingia, akazungusha. Stata ikalia, ikalia, ikaanza kuchoka.

Hapo Evelio akatoka garini na kukaa chini barabarani. Mzee wa miaka sabini na mbili, mikono ina grisi mpaka viwikoni, alikaa kwenye lami mbele ya watu akasema, "Namuua. Namuua mke wangu kwa mikono yangu." Nilitaka kumpiga kofi Mongo kwa sababu tu alikuwa amesimama karibu.

Nereida ndiye aliyeinuka. Alishika nguzo, akashika bega langu, tukaja hatua kwa hatua, na kila hatua tatu alisimama kuvuta pumzi.

"Nipakieni," akasema.

"Shoga, halijawaka bado," nikamwambia.

"Nipakieni hivyo hivyo. Likiwaka nisianze kutafuta mlango."

Tukampandisha kiti cha mbele, kile kirefu cha watu watatu, mimi nikaingia nyuma na mfuko. Evelio akarudi kwenye usukani kwa kuvutwa mkono. Wenzake walikuwa wote wameinama kwenye injini. Nereida akaegemea upande wa mumewe kama anayejiweka sawa, mkono wake wa kushoto ukashuka kwenye mwanya chini ya kiti, karibu na paja la Evelio. Nikasikia kitu kimebonyea: tik.

"Jaribu sasa, mzee," akasema. "Taratibu."

Mnene akawaka papo hapo, moshi mweusi ukawatimua mafundi wote.

"Nilisema koili," Osmel akapiga kelele huku akikohoa. "Nani alisema koili?"

Tulifika kwenye reli ya kubebea miwa. Evelio aliendesha macho mbele, taya limekaza.

"Ulijua tangu lini?" akauliza.

"Tangu saa moja."

"Mbona ukakaa kimya?"

"Watu walijaa," Nereida akasema. "Nilijua utakumbuka tu. Nikakungoja." Akavuta pumzi. "Nimekungoja mpaka nikaogopa."

Evelio akatikisa kichwa mara nyingi, polepole. Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa mimi.

"Na Jumanne?"

"Jumanne ilikuwa betri. Angalia barabara."

Betri aliyofungiwa Mnene Jumanne ilikuwa ya kwangu. Niliitoa mwenyewe kwenye taa zangu za kuwasha umeme ukikatika, ilikuwa imejaa pomoni. Nikageuza uso dirishani, nikatazama miwa.

Tulifika saa nne na dakika kumi. Wauguzi wakamtoa Nereida kwa kiti cha magurudumu, mashine yake ilikuwa bado inamsubiri. Alipokuwa anasukumwa alinigeukia mimi, si mumewe. "Kaa naye," akasema.

Nikakaa naye. Evelio akasogeza Mnene kivulini, akazima injini. Sasa alikuwa mwepesi, karibu acheke, akinisimulia jinsi siku moja alivyobeba bibi harusi na nguruwe ndani ya gari hili hili, nguruwe akakaa mbele. Na huku anasimulia, mkono wake wa kulia ukashuka chini ya kiti wenyewe, kama mtu anayefunga kifungo cha shati. Tik. Akaendelea na nguruwe wake.

"Evelio," nikamkatiza, "umefanya nini hapo sasa hivi?"

Akatazama mikono yake, akanitazama mimi.

"Wapi?" akasema.