Sindano za Mpole

Mtaa mzima unamwita mume wa dobi Mpole, na kila mkewe anapolisikia jina hilo huikandamiza pasi zaidi kwenye kola iliyo mbele yake. Upole gani huo? Mtu hafungui mdomo, wengine wanaumia, yeye anasifiwa.

Ni Mpole aliyetaka wasubiri. Walipooana tu alimbembeleza mkewe: yeye Mpole amalize kwanza kozi yake ya umeme, apate kazi ya kueleweka, ndipo walete mtoto. Akamsindikiza hadi zahanati, akakaa kwenye benchi la nje akichezea simu, na dobi akachomwa sindano ya kuzuia mimba. Kila baada ya miezi mitatu akarudi. Kichwa kilimgonga, damu ilimtoka bila mpangilio, akavumilia kwa kuwa walikuwa wamekubaliana. Kozi ikaisha, kazi ikapatikana, sindano akaziacha.

Sasa mwaka unakatika na tumbo liko vilevile. Nesi alimwambia sindano zile huchelewesha tu, hazijaharibu kitu, ila ingefaa waje wote wawili wapimwe. Mpole alisema akipata nafasi atakwenda. Nafasi ya kutazama mpira anaipata kila wiki.

Jumapili wakaenda kwa mama mkwe. Wiki iliyotangulia mama alikuwa ameamua kwamba joto la pasi ndilo linalokausha kizazi. Safari hii alikuwa na jipya, na chai ilikuwa bado haijapoa alipolitoa.

"Nasikia ulikuwa unachoma masindano," alimwambia dobi. "Mwenzio anahangaika apate mtoto, kumbe wewe umejifunga. Ndiyo nini sasa?"

Ukiacha zahanati, habari hiyo walikuwa nayo watu wawili tu. Dobi akamgeukia mumewe, aliyekuwa anakoroga chai iliyokwisha korogeka zamani.

"Mwambie mama ni nani aliyetaka tusubiri."

"Hayo si yameshapita," Mpole alijibu kwa ile sauti yake ya kupatanisha watu. "Mama, msamehe tu. Alikuwa hajui."

Dobi asamehewe! Miaka yote ile alitoa mkono wake kwa ajili ya kozi ya mtu, na leo mtu huyo anamwombea msamaha. Akaweka kikombe chini taratibu, maana angekishika zaidi kingeruka.

"Mama, niwie radhi, natangulia nyumbani," akasema, akachukua mkoba.

Mpole akamfuata mbio hadi getini. "Sasa ndiyo unaniaibisha mbele ya mama yangu?" akanong'ona, asisikike ndani.

"Kesho asubuhi nakwenda zahanati," dobi alimjibu, bila kunong'ona. "Tukienda wote, tutapimwa. Nikienda peke yangu, nachoma tena sindano. Halafu uje umwambie mama nimejiamulia mwenyewe, angalau mara moja utakuwa umesema kweli."