Mama Alipokuwa Balozi wa Nyumba Kumi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, mwalimu alitufundisha kwamba balozi hutumwa na nchi yake kwenda nchi nyingine. Nikarudi nyumbani kumuuliza mama, aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, ni nchi gani iliyomtuma.

Alicheka. Bibi ndiye aliyenijibu. "Zamani tulikuwa na mkulungwa, maana yake mkubwa wetu. Wakoloni wakaleta jumbe, atukusanyie kodi. Mama yako tumemweka sisi, atusemee."

Na kweli alisema. Ugomvi wa mipaka ulimalizwa barazani kwetu, na mgeni aliyetaka kulala kijijini aliletwa kwake kwanza. Kisha vikaja vyama vingi, wakaja na wanunuzi binafsi wa korosho, na kitongoji kikachagua mwenyekiti wake. Mama akaendelea kuitwa balozi, nasi watoto hatukuona tofauti.

Mwaka mmoja maua ya mikorosho yalishikwa na ubwiri, ule unga mweupe unaoyakausha. Watu wakasema unga ule hunyunyizwa usiku na Bibi Somoe, mjane jirani yetu, aliyezoea kutuchemshia ming'oko, vile viazi vya porini. Wakachanga, wakamwita mganga kutoka bondeni. Mganga akasema mchawi akinyolewa, uchawi humtoka.

Walikuja asubuhi. Mama alisimama mlangoni kwa Bibi Somoe.

"Mimi ndiye balozi hapa," alisema. "Shauri hili lianzie barazani kwangu."

Baba Hamisi, ambaye mama alishawahi kumpatanisha na mkewe, alimjibu kwa upole. "Mama Zuhura, ubalozi wako siku hizi ni wa chama. Wengine hatumo humo."

Mama akanishika mkono, tukaenda mbiombio kwa mwenyekiti wa kitongoji. Tulimkuta anaanika mihogo.

"Hayo ni mambo ya mila," alisema bila kutuangalia. "Mimi siyaingilii."

Tuliporudi, Bibi Somoe alikuwa ameshakalishwa juu ya kinu kilicholazwa. Mama alijaribu kupenya, wanawake wenzake wakamzuia, wakimshika taratibu kama mfiwa. Akawaita kwa majina, mmoja mmoja.

"Waache, mwanangu," Bibi Somoe alimwambia. "Nywele huota."

Wembe ulikuwa butu. Nakumbuka damu kidogo nyuma ya sikio, na mama akivua kanga yake ya juu kumfunika kichwa walipomaliza.

Mwezi haukuisha, binti yake akaja kumchukua, wakaenda kuishi Mkomaindo. Nywele ziliota, nilisikia, lakini kwetu hakurudi.

Msimu uliofuata mikorosho ilizaa sana. Wanunuzi walikuwa wameleta salfa, dawa ya ubwiri, na karibu kila mtu alipulizia shamba lake. Hata hivyo, ukiuliza pale hadi leo, watu watakwambia ni wembe. Mama alibishana nao mwaka wa kwanza, na wa pili. Baadaye akaacha.

Mimi ni mtu mzima sasa, na nimesoma habari za ubwiri na dawa zake. Nikienda likizo, Baba Hamisi hunikaribisha, namwamkia shikamoo, anaitika marahaba, ananiletea korosho za kubangua kutoka shamba lake. Nazipokea kwa mikono miwili. Ni tamu, na ninazila.