Aliyerudisha Maneno kwa Wenyewe

Siku tulipomzika kule Mururu walikuwepo mjane wake na binti zao, jirani aliyechimba kaburi, fundi wa mitambo aliyefanya naye kazi redioni Kamembe, mama mmoja kutoka Nkanka muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na mimi na wadogo zangu. Wengine walizuiwa na mvua. Ripota ambaye sauti yake mliizoea kila asubuhi amefariki kwa homa ya mapafu. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa bado anapanda pikipiki hadi Nzahaha kuuliza habari za mihogo.

Nilimfahamu katika msiba. Wazazi wetu walizama ziwani wakirudi kutoka sokoni Bukavu. Mimi ndiye mkubwa, nikaacha shule. Baba zetu wadogo walipanga kukutana Jumapili watugawane, kila mtoto nyumba yake. Ripota alikuja, akaniuliza maswali, akaenda zake. Kesho yake nikamwona tena mlangoni, nikadhani amesahau kitu. Kumbe alikuja kunisomea alichoandika kabla hakijatangazwa. Nikampa muhogo wa kuchemsha, akaketi, akaanza: "Batoto walioachwa bila muntu..."

"Apana, Papa," nikamkatiza. "Nani alituacha? Miye niko hapa. Na huo muhogo uko unakula, nani aliupika?"

Alicheka hadi akapaliwa. "Ni kweli, maman kidogo. Tuseme namna gani?"

"Sema tuko pamoja, na tunataka kubaki pamoja."

Ndivyo alivyotangaza. Jumapili baba mdogo aliingia amenuna. "Redio imeisha kusema uko unabalea badogo yako," alisema. "Tukibagawa sasa, soko yote itatucheka." Wakazungumza hadi jioni, kisha wakatuachia jembe jipya na mbuzi jike. Hatukutengana.

Miaka mingi baadaye, yeye ndiye aliyenisukuma kuandika safu hii, na siku moja aliniambia kwamba neno ripota lilitoka katika Kilatini, likapita kwa Wafaransa na wenzao, na kwamba hapo mwanzo lilimaanisha kubeba kitu na kukirudisha. Kazi yenyewe aliieleza kwa urahisi: unafika mahali, unauliza, unamuuliza na wa upande wa pili, unahakikisha, ndipo unatangaza. Yeye aliongeza safari moja, ile ya kurudi kwa mwenye maneno. Wenzake walimtania, "Papa, habari zako zinafika zikiwa na mvi!" Wala hakuwa mtu wa kupindishwa. Mfanyabiashara mmoja alipotaka lawama dhidi yake zifutwe, alijibiwa, "Nimekuja kusikia kama nimekosea, si kama umependa."

Leo habari inavuka mto Rusizi kwa simu kabla chai haijapoa, na mtu anaweza kujikuta ndani yake asijitambue. Hata hivyo sikati tamaa. Fundi aliniambia pale makaburini kwamba vijana wa redio, walewale waliomcheka, sasa huwapigia watu simu na kuwasomea kwanza. Hakuna aliyewaamuru. Walimwona tu akifanya, na wakaona watu wanavyomfungulia milango. Nadhani uaminifu hujengwa hivyo: si kwa kufika wa kwanza, bali kwa kurudi.

Tulipokuwa tunanawa mikono, mama wa Nkanka alimwendea mjane. "Maman, pole sana. Bwana yako alikamata maneno yangu, juu ya fasi yetu, pale tunaanika sambaza, ile banataka kutunyanganya. Alisema atarudi kunisomea. Sasa nani atanisomea?"

Mjane alifungua mkoba wake, akatoa kinasa sauti cha mumewe, akanitia mkononi.

Nimekisikiliza. Mama anaongea, jogoo anawika, kisha mwishoni inasikika sauti ya marehemu: "Nitarudi, Maman." Barabara ya Nkanka bado ni tope, na maneno ya yule mama bado yako kwangu, yakisubiri kurudishwa.